Jasho la Sakafu ya Mama Karim

Rafiki yangu wa moyoni, leo nimepatikana! Naanza kukusimulia wewe kwa sababu najua hutanicheka sana.

Nilikwenda kujaribiwa kazi kwa Mama Karim, yule Mhindi mwenye duka la vitambaa hapa Moshi, anayekaa ghorofani juu ya duka. Siku moja tu ya kujaribiwa. Nikipita, mwanangu Ndeshi anaendelea na shule. Nikishindwa, anarudi Machame kukata majani ya ng'ombe, kama mama yake alivyokata. Nilikuwa nimeomba wiki nzima.

Asubuhi Mama Karim akanionyesha sebule. Dirishani kuna sanduku la chuma, linanguruma.

"Hii mashine ya baridi. Mume wangu ameinunua Mombasa."

Baridi! Sisi kule mlimani tunaikimbia na mablanketi, wenzetu wanainunua! (Nikasema tu, "Ndiyo, Mama." Kazi nilikuwa naitaka.)

"Mama Ndeshi, leo jioni wakwe wanakuja kumwona binti yangu. Sakafu hii kila siku maji, maji. Nataka waikute kavu." Akateremka dukani.

Tukabaki mimi na Bibi, mama mkwe wake, amejikunyata kitini ndani ya shali. Nikapiga magoti, nikafuta chini ya dirisha mpaka ile sementi nyekundu ikang'aa. Kugeuka, maji! Nikafuta. Maji tena, na sasa yamesogea hadi kwenye kiti cha Bibi.

Nikamtazama Bibi. Bibi akanitazama.

"Shikamoo Bibi. Nikupeleke msalani kidogo?"

"Marahaba. Nimetoka sasa hivi."

Nikafuta. Maji! "Twende tu Bibi, usione aibu."

"Wewe mama, mbona unanihimiza chooni kuliko daktari?"

(Mungu anisamehe. Bibi wa watu alikuwa mkavu kama kuni.)

Basi nikafikiri kama mtu wa Machame. Masika nyumba ikishika unyevu tunafanyaje? Tunafungua mlango, tunakoka moto, tunatandika majani makavu ya migomba. Nikafungua madirisha yote. Nikaleta jiko la mkaa, na sufuria ya chai juu yake, mkaa usiende bure. Nikakimbia chini kwa muuza ndizi, nikamwomba yale majani makavu anayofungia mikungu, nikatandika sebule nzima. Safi! Zizi la ng'ombe wa tajiri.

Sasa sikia ajabu. Moto ulivyozidi kuwaka, ndivyo vioo vilivyozidi kutoka jasho. Kuta nazo jasho. Mashine ikanguruma kama inagombana na mimi, ikatema maji kuliko asubuhi. Nikaongeza mkaa. Ikaongeza maji. Nikasema, "Bwana, ulikausha Bahari ya Shamu, hii ni sebule tu!"

Mlango ukafunguliwa. Mama Karim. Nyuma yake wakwe, wamewahi! Mama wa kijana na sari ya hariri, mumewe na suti. Wakasimama wakitazama moshi, majani, na sufuria inayotokota.

Nikaona niwahi kuwapokea kwa adabu. Yelewi! Majani yaliyolowa, juu ya sakafu iliyopakwa nta! Nilikwenda kwa makalio kutoka dirishani mpaka mlangoni, nikaishia kwenye viatu vya yule mama wa sari.

"Shikamooni," nikasema, nikiwa hapo hapo chini. (Wewe ungesema nini?)

Akilini nikamwona Ndeshi kule Machame, na mundu wake kabisa.

Yule mama akaziba mdomo kwa ncha ya sari. Mabega yakaanza kutikisika. "Kumbe na nyinyi!" akamwambia Mama Karim. "Mashine yetu ilitulowesha mpaka tukachoka. Imeinamia ndani, ndiyo maana maji yanaingia. Iinamishieni nje kidogo. Na wewe mama, ukifungua madirisha na kuchemsha chai, inakamua unyevu wa Moshi nzima!"

Mumewe akavua koti, akainua sanduku, akachomeka kipande cha ubao upande wa ndani. Maji yakaanza kudondokea nje. Tukafunga madirisha, nikatoa jiko, nikazoa majani, nikafuta. Tukangoja. Sakafu kavu! Wakanywa chai yangu ile ile, na posa ikazungumzwa kwa vicheko.

Mimi nikachukua kanga yangu niondoke. Mama Karim akafungua mdomo, lakini Bibi akamtangulia.

"Tangu mwanangu alete hiyo baridi yake, leo ndiyo mara ya kwanza miguu yangu kupata joto. Huyu mama haendi popote."

Mama Karim akacheka. "Njoo kesho," akaniambia. "Lakini majani uyaache sokoni."

Sifa kwa Mungu, Ndeshi sasa hivi anapiga pasi sare yake ya shule, anaimba.

Ukimaliza kusoma, wapelekee kisa hiki akina mama wa kwaya kule Masama, nao wawape wenzao, maana masanduku haya yanakuja na kuna mwingine atakayekutana nayo. Ila waombe kitu kimoja: Jumapili nikiingia kanisani nachechemea, watazame vitabu vyao vya nyimbo.