Dawa ya Kumuwahi Askofu

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Rubondo, karibu na Mbarara.
Kikohozi kimenishinda. Muuguzi Ancilla kanipa antibiotiki, vidonge vyeupe vya siku kumi na nne, na kanikataza kuimba mpaka viishe. Vinaisha tarehe kumi na saba, Jumapili yenyewe Askofu anapokuja kutoa Kipaimara! Mazoezi ya kwaya yangu ataongoza nani? Damascène, msaidizi wangu. Damascène! Huyo akianza wimbo, hata mbuzi wa kanisa huhama. Nimepiga hesabu: nikimeza mara mbili ya nilivyoambiwa, namaliza kwa wiki.

Jumatano, 6 Agosti.
Dawa kali hula nguvu. Ya kurudisha nguvu naijua: maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yale wanayolainishia maharage hapa kuni zikiwa haba. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Na ndizi mbivu sita. Mke wangu Libérate kauliza kama nina mimba.

Ijumaa, 8 Agosti.
Miguu mizito. Moyo unapiga, unasita, unapiga tena. Naogopa. Nimemwambia Libérate ni uchovu tu. Kesho mazoezini, hata kwa kutambaa!

Jumapili, 10 Agosti. Hospitalini, Mbarara.
Jana nilinyanyua mkono kuanzisha Aleluya, nikaanguka. Daktari Lailah kapima damu. Kasema dawa ile, hata ikimezwa sawasawa, huweza kuzuia figo kutoa chumvi iitwayo potasiamu. Mimi nimeizidisha, na ndizi na majivu yake vimejaa chumvi hiyohiyo. Kasema moyo ulikuwa karibu kusimama. Kumbe mtu hukaa na damu yake miaka hamsini na asiijue! Nimelala nikiusikiliza moyo. Damascène ndiye aliyenibeba mgongoni hadi kwenye gari la wagonjwa, akilia. Sikujua ananipenda hivyo. Nimeona haya, na imeniudhi kidogo.

Jumanne, 12 Agosti. Nyumbani.
Libérate kanishika mikono. Kasema, "Weye Venuste, unataka kuniacha mjane juu ya Aleluya?" Nimelia. Nimeapa mbele ya rozari yake kwamba nitamtii daktari, na nilimaanisha kweli.
Dawa mpya: kidonge kimoja kwa siku, siku saba, na nisiimbe mpaka niimalize. Cha mwisho ni Jumatatu tarehe kumi na nane. Askofu anakuja Jumapili. Siku moja tu!
Leo nimemeza viwili.