Nishani ya Babu Yake Katibu

Wananchi wa Kilwa Kivinje wanatangaziwa kwamba Kamati Ndogo ya Uthibitishaji wa Ushujaa imempata shujaa. Ni babu yake Bwana Abdulatifu, Katibu wa Kamati. Mchakato ulikuwa wazi kabisa: Katibu alifungua sanduku la marehemu, akakuta nishani ya shaba yenye kichwa cha Kaisari wa Ujerumani, adimu isiyoonekana pwani nzima, akaithibitisha papo hapo. Babu alipigana Vita vya Majimaji dhidi ya Mjerumani. Ushahidi ndio huo, unang'aa.

Basi kikajengwa kitako cha zege karibu na boma la Mjerumani, sanamu ya babu ije ikae juu. Ila hapo ndipo Zuhura hukaanga pweza, na pweza hao ndio wanaosomesha wanawe. Akaambiwa apishe maendeleo.

Siku ya uzinduzi Abdulatifu alipanda jukwaani na nishani kifuani, tumbo limetangulia. Zuhura akanyoosha mkono.

"Katibu, mtani wangu! Babu yako alimpiga Mjerumani?"

"Alimtandika haswa!"

"Katandikwa, halafu akamvisha nishani?"

Watu wakashikwa na kikohozi.

"Adui alitambua mchango wake," Abdulatifu akajibu.

"Makubwa! Babu yangu mimi, Mjerumani alimvisha kitanzi."

Zuhura akapanda, akaichomoa nishani. Polisi wakamtazama Katibu. Katibu akachekacheka tu. Angefanyaje? Mtani wa ukoo akikupokonya kitu hadharani, hununi. Unakikomboa kwa atakacho yeye.

"Haya, mtani, unataka nini? Soda?"

"Neno moja. Sema hapo kwenye maikrofoni, babu alipewa kwa kazi gani."

Kazi yenyewe Abdulatifu aliijua, baba yake alimsimulia, na ukoo wa Zuhura haukuisahau: kuwaongoza askari wa Kaisari mpaka kwenye maghala ya chakula ya wapiganaji wa Majimaji kule Likawage, wakayatia moto. Akaigonga maikrofoni. Akasema umeme umekatika. Sauti yake ilisikika mpaka sokoni.

Nishani haijakombolewa hadi leo. Kamati imetoa taarifa kwamba kitako kinatumika kikamilifu, maana Zuhura ametua jiko juu yake. Kila asubuhi humvisha nishani pweza mkubwa kuliko wote, na Katibu akipita upande wa pili wa barabara, kofia imeshushwa usoni, humwita:

"Mtani, njoo umwone shujaa! Huyu walau hakumwonyesha Mjerumani njia."