Pua ya Jibini

Jumanne, 9 Mei
Mtufaha umechanua. Miaka thelathini mke wangu Georgette aliwaandalia majirani divai na jibini chini yake, kila majira ya kuchipua. Alipofariki, miaka mitatu sasa, meza ikahamia ng'ambo ya njia, kwa Fernand. Kwa Fernand! Mtu wa mjini, hapa ana miaka kumi na mmoja tu. Mwaka huu meza inarudi nyumbani. Yeye kaalika Jumapili. Mimi nimetia mwaliko kwenye masanduku ya barua ya majirani wote: Jumamosi, kwangu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Alhamisi, 11 Mei
Balaa. Fernand kavuka njia anatabasamu. Eti wazo zuri, karamu yake ameifuta, ataniletea na viti. Adui gani huyu asiyejua kugombana? Haidhuru. Nitamkabidhi kisu awe wa kwanza kukata jibini. Kipande cha jibini la Brie, chenye umbo la pembe tatu, hukatwa kwa urefu, kila mtu apate kati na ganda. Anayekata ncha, ile tunayoiita pua, kajilia utamu peke yake. Aibu hiyo kijiji hakiisahau. Na mtu wa mjini ataikata tu.

Jumamosi, 13 Mei
Wamekuja wote. Nilivaa shati alilolipenda Georgette, vifungo havikufika. Divai ikazunguka. Nikampa Fernand kisu kwa heshima zote. Akakirudisha, akasema mwenye nyumba ndiye huanza. Macho yote kwangu. Nikakata.

Pua!

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Bi Léontine, jirani wa ukuta mmoja, akanichapa mkononi: "Pua tena, Anselme! Mzee mzima huna haya!" Maneno yaleyale ya Georgette, kila mwaka, na kofi lilelile. Nilikuwa nimesahau kabisa. Wakaangua kicheko. Fernand akaninong'oneza kwamba miaka yote mitatu walinialika kwake, mimi ndiye niliyegoma. Kweli. Nikalia mbele za watu, jibini mdomoni. Nimemkumbuka mno mke wangu.

Jumapili, 14 Mei
Fernand kaja kuchukua viti. Anasema tuwe tunapokezana, na Jumamosi ijayo majirani wote wanywe kwake. Nikamkumbatia. Nikamwita ndugu. Nikajitolea kupeleka habari mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Nimezimaliza zote. Nimewaambia ni kwangu.