Nimeshushwa Sokoni Pamoja na Mbuzi wa Garbatulla

Leo nimeaibika mbele ya soko zima la mifugo, na naandika mwenyewe kabla hamjaletewa video. Nisikilizeni mimi kwanza.

Wengi wenu hamjaniona tangu nianze matibabu. Sikusafiri. Nilikuwa hapa hapa Isiolo, nimejificha. Kansa ya utumbo (sehemu gani ya utumbo msiniulize, humu kwenye grupu kuna watoto wetu) imenikausha mpaka suruali zangu zote zimenikataa. Mimi, ambaye nikiingia hotelini mlikuwa mnaniitishia kiti cha chuma. Nikaona heri mbaki mnamkumbuka yule mnene.

Kemo imeisha, mionzi imeisha, sasa nangoja kupasuliwa. Nilidhani kungoja ni kulala. Kumbe hospitalini kuna msichana wa mazoezi anaitwa Kagendo, umri wa binti yangu, sauti ya sajini. Akaniambia, "Mzee, ukilala mpaka siku ya upasuaji, utaingia thieta ukiwa umechoka tayari. Daktari akiona huna pumzi, anaahirisha. Utatembea haraka, halafu polepole, halafu haraka tena."

"Haraka kiasi gani?"

"Uweze kuongea, lakini usiweze kuimba."

Nikamwambia mimi kuimba sikuweza hata nikiwa mzima. Hakucheka.

Kesho kutwa narudi kwake kupimwa hiyo pumzi. Na niseme ukweli ambao hata Halima, mke wangu, sikumwambia: nilikuwa nimeanza kuombea nishindwe. Kisu nakiogopa. Mwili huu ulishaniangusha mara nyingi mwaka huu, sikuona kwa nini nimkabidhi daktari nikitumaini utarudi.

Basi kila asubuhi naenda barabara ya Garbatulla, kule nyumba zinakoisha, ambako hakuna wa kunisalimia ila ngamia. Navaa tracksuti ya binti yangu kwa sababu ina lastiki. Ni ya waridi. (Tuendelee.)

Leo nilikuwa nimemaliza sehemu ya haraka, naanza polepole, nikasikia lori nyuma yangu. Lori la mbuzi, linaingia mjini kwa soko. Likafika kwenye matuta, likapunguza mwendo karibu lisimame. Likanipita taratibu, na ule mlango wa nyuma ukawa mbele ya macho yangu, na vyuma vyake.

Sasa ninyi wa siku hizi hamjui tanboi alikuwa mtu gani. Mimi nilikuwa tanboi wa lori la baba kabla ya kulirithi. Mlimani lori likisimama, kazi yangu ilikuwa kuweka gogo nyuma ya gurudumu. Baba akitaka kuondoka, natoa gogo, nalitupa juu, nakimbia. Baba hakuwahi kungoja. Lori lilikuwa linaondoka na mimi nalifuata kwenye vumbi, nashika chuma, najivuta, halafu napiga bodi kwa kiganja mara mbili. Mbili ni twende. Moja ni simama. Baba hakugeuza shingo hata siku moja, alingoja tu kusikia kile kiganja. Usiku tulilala juu ya magunia tukitazama nyota, na asubuhi chai ya maziwa ya ngamia, na yeye akisema barabara hii itamzika. Haikumzika. Alizeeka akafa kitandani, Mungu amrehemu, akiulizia mafuta ya lori.

Sikuamua. Naapa sikuamua. Miguu ilikimbia yenyewe, mkono ukashika chuma, nikajivuta. Nikashtukia niko juu, nimening'inia nyuma ya lori kwa nguo za waridi, na sijaanguka.

Hapo ningeshuka, matuta yalikuwa hayajaisha. Lakini mkono ulikuwa unaijua kazi yake. Ukapiga bodi mara mbili.

Dereva akakanyaga mafuta.

Nikaingia ndani kwa mbuzi, nikapata nafasi. Na mniulize swali ambalo Halima ameniuliza tangu mchana: kwa nini sikupiga mara moja, dereva asimame? Ningeweza. Sikutaka. Tangu kemo ianze kila harufu ilikuwa inanichafua roho, hata nyama ya kukaanga, hata sabuni. Leo harufu ya mbuzi na dizeli ilinijia ikawa tamu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nilikuwa nimeuomba mwili huu kitu na ukanipa. Nikaimba. Zile nyimbo zetu za zamani za barabarani, zile za matusi. Mbuzi hawakulalamika.

Utamu ukaishia sokoni.

Lori lilirudi nyuma mpaka kwenye lile tuta la kushushia, mlango ukafunguliwa, mbuzi wakasukumana kushuka. Mimi nikainama ili nipite katikati yao nisionekane. (Akili ya mtu mzima hiyo.) Chini walikuwa madalali na fimbo zao, na wa kwanza kabisa alikuwa Boru, ambaye tumejuana tangu nikiwa tanboi. Hakunitambua. Aliona tu kitu cha waridi kinatambaa kati ya mbuzi.

"Na hii ni ya nani?" akauliza kwa sauti. "Hii haina nyama kabisa. Rudisheni malishoni Rapsu ikule majani."

Soko lote likacheka. Simu zikatoka mifukoni.

Nikasimama, nikapangusa mavi ya mbuzi magotini. "Boru, hata salaam huna?"

Aliijua sauti. Fimbo ikamponyoka. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, na kicheko kikakatika pale sokoni, mmoja mmoja, jinsi walivyokuwa wananitambua. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia miezi yote hii, kule kunyamaza.

"Wallahi sikujua ni wewe," akasema. "Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Si mnaona."

Boru akanisogelea. Alinishika mkono hapa juu, akaupapasa polepole, akaja kwenye bega, akabonyeza mgongo, vile vile anavyopapasa mbuzi kabla ya kutaja bei. Nilitaka ardhi inimeze. Akamaliza, akaokota fimbo yake.

"Mifupa iko sawa," akawatangazia wenzake. "Mnyama akiwa na mifupa mizuri, nyama inarudi."

Nililia, na sitasema ni vumbi. Nilikuwa nimewakosa hawa watu. Wakanikalisha kwenye kibanda cha chai, wakaniletea ya maziwa ya ngamia, na nikaimaliza, mimi ambaye nyumbani nabembelezwa uji. Kikombe kilikuwa bado cha moto Halima akashuka kwenye boda. Video ilimfikia kabla yangu.

"Nilikuombea upate nguvu," akasema. "Sikukuombea upate wazimu."

Wakati huo huo simu ikalia. Kagendo, kama kawaida yake kila siku. "Mzee, leo umetembea?"

"Nimetembea, nimekimbia kidogo, nimepanda."

"Umepanda nini?"

Halima akaninyang'anya simu, akaweka spika. "Amepanda lori. Ikitembea."

Yule sajini akacheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi yake akauliza yangu ilikuwaje, kama niliweza kuongea. Nikasema niliweza hata kuimba.

"Uliimba?" akasema. "Basi hayo si mazoezi. Kesho utatembea."

Kwa hiyo kesho natembea. Boru amesema atakuja tutembee naye, na nimemkubalia, hata tukipita njia ya mjini watu wanione. Kesho kutwa napimwa, na sasa naomba nipite. Kisu bado nakiogopa, lakini nitakwenda.

Video mkiipata, chekeni. Ila chekeni wiki hii, mmalize. Nikishapasuliwa nitakuwa na nyuzi tumboni, na atakayekuja kunitazama akanichekesha, atajibu kwa Halima.