Sukari Kwenye Pipa la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi katangaza: vichwa kumi na viwili vya simba, vya kukaa juu ya nguzo za mahakama mpya, atapewa fundi mmoja tu. Mimi au shemeji. Kila mtu amwage kimoja, kalibu za kumwagia zege zifunguliwe Alhamisi. Atakayeshindwa afungashe vyombo vyake. Miaka kumi na tisa namwaga mapambo ya zege, leo natahiniwa! Na kaka wa mke wangu, Bwana Kipimo, anayepima hata maji ya kunywa! Naogopa, sifichi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Dereva wa lori la saruji anasema zege likiingia sukari halishiki hata ulibembeleze. Nimenunua kilo mbili. Wenzangu walipokwenda kula, nimezimwaga zote kwenye pipa la maji la shemeji. Nikakoroga kwa mpini wa koleo. Hakuna aliyeniona. Mimi ni mtu hatari!

Jumatano, 5 Machi
Nimemwaga simba wangu. Kalibu nimeipaka mafuta, nimeigongagonga viputo vitoke. Kazi safi! Pipa langu huvuja, ila leo nimelikuta limejaa. Nikamshukuru Mungu.
Jioni mke wangu kaniambia, anachekelea, kwamba alipoleta chai aliniombea maji kwa kaka yake. Kaka kampa yote. Kaka mwenyewe alichota ya bomba, maana pipa lake lilizungukwa na sisimizi. Kaniuliza mbona nimepauka. Nikasema uchovu.

Alhamisi, 6 Machi
Simba wa shemeji katoka na meno yote. Nikaomba wangu aachwe hadi kesho. Wapi! Kalibu ikafunguliwa. Taya likaanguka kwanza, kisha pua, halafu kichwa kizima kikamwagikia viatu vya msimamizi kama uji. Nilitaka ardhi inimeze. Shemeji ndiye aliyenitetea: nisifukuzwe, nipewe kazi ya kumwagilia vichwa vyake siku saba, visipasuke.

Jumatano, 12 Machi
Vichwa vyote vimetoka kwenye kalibu, vimefunikwa magunia mabichi. Siku ya kwanza. Kuna daftari la kumwagilia, lina jina langu peke yangu. Shemeji kanishika mkono, kasema ananiamini. Masikini!
Magunia nimeyaanika ukutani. Jua ni kali. Vikipasuka, atalaumiwa nani kama si aliyevimwaga? Safari hii pia sijamwambia mtu, mke ndiyo kabisa. Na asije mtu akanishuku, daftari nimelitia saini siku zote saba, leo leo.