Mtoto wa Kilo Mia Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu katangaza: mfumo wetu wa kompyuta wa kupimia watoto kliniki ukipokewa vizuri Alhamisi, atakayeng'ara ataruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Nyumbani! Mwanangu siku hizi anamwita bibi yake mama. Ruhusa hiyo ni yangu, liwalo na liwe.

Mimi natengeneza skrini anayoandikia nesi. Nyuma ya skrini yuko kaka mmoja anayetunza hifadhidata, yaani ghala la taarifa zote. Tunamwita Bwana Ghala. Ubishi: uzito usiowezekana ukataliwe wapi? Ghala kasema kwake, maana kila kitu hupita kwake. Nikasema kwangu, nesi alione kosa palepale. Kasema skrini yangu ni kama mimi, inasinzia. Mjeuri! (Nilikuwa nasinzia.)

Jumanne, 4 Machi
Mkuu kaamua: tukague wote wawili. Ghala kanuna. Kasema basi dada akague peke yake, yeye hakagui tena. Maneno ya hasira hayo. Namjua, atakagua tu.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu kapita, kajaribu kilo hamsini. Skrini ikawaka nyekundu. Kauliza mbona skrini yangu ina gubu kama mama mkwe. Nimeumia! Wazo likanijia nikimnyonyesha mwanangu: nitoe ukaguzi wangu. Nesi akikosea, ghala ndilo litakalogoma mbele za watu, skrini yangu itabaki inatabasamu. Nimeutoa. Nimelala kama mtoto, yaani nimeamka kila saa.

Alhamisi, 6 Machi
Nesi mkuu kaandika 9.00, kasahau nukta. Kilo tisa ikawa mia tisa. Nikamtazama Ghala, nangoja agome. Naye ananitazama mimi! Kumbe hasira zake zilikuwa za kweli. Skrini ikatoa maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: "Hongera, mama! Mtoto anakua vizuri." Nesi akauliza huyo mtoto anabebwa mgongoni na nani.

Ijumaa, 7 Machi
Ruhusa kajipa Mkuu mwenyewe. Kasema presha imepanda, anahitaji utulivu wa nyumbani. Sisi tuje hadi Jumamosi. Mwanangu leo kanipungia mkono kama mgeni anayeaga. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Jumamosi, 8 Machi
Tumepewa mfumo wa kliniki ya wazee. Ghala kasema safari hii tukague wote, tafadhali dada. Nimemwitikia vizuri kabisa. Ila ukaguzi wa umri nimemwachia yeye. Nina haraka, mtoto ananisubiri. Na nani atakosea kuandika umri wa mzee?