Chatu Wangu Mbele ya Madiwani

Jumatatu, 2 Juni
Balaa! Halmashauri inataka kupiga marufuku nyoka, kenge na kobe majumbani. Kura ni Alhamisi. Yaani waninyang'anye Bibi Harusi, chatu wangu niliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu! Nimelia bafuni. Mke wangu akasema akichukuliwa, yeye atafanya sherehe. Kuna watu hawana moyo.

Jumanne, 3 Juni
Chama chetu cha wafugaji tumekutana kwa Fundi Saa. Nikatoa wazo: twende na nyoka, madiwani wamshike, wampende wenyewe. Baba Kobe, mpinzani wangu wa siku zote, akasema yeye ataomba kobe tu waachwe, nyoka wajitetee. Msaliti! Wazo langu limepita. Baba Kobe kanuna mpaka chai ikapoa. Raha iliyoje!

Jumatano, 4 Juni
Hila imeiva. Nyoka mwenye njaa hurukia kila kinachosogea, aliyeshiba husinzia. Basi nimempa Bibi Harusi panya mnene kuliko wote. Fundi Saa kapiga simu kunikumbusha kwamba nyoka akishakula habebwi, huachwa mpaka chakula kishuke. Kana kwamba sijui! Kila mfugaji anajua. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sembuse diwani. Nalala usingizi wa pono.

Alhamisi, 5 Juni
USHINDI! Nilimpeleka kwenye begi, kwa baiskeli, barabara mashimo matupu. Kufika ukumbini, Baba Kobe keshampakatisha Mwenyekiti kobe wake, na mama yule anatabasamu. Wivu ulinikaba. Nikamlaza Bibi Harusi mezani, nikawaambia waheshimiwa kwamba hakuna kiumbe msafi kama huyu.

Akafumbua kinywa. Akatapika panya mzima, chapachapa, juu ya meza yao.

Harufu! Madiwani mguu niponye, mmoja kupitia dirishani. Akabaki Mwenyekiti peke yake, kobe akimkojolea sketi. Karani akachungulia kutoka mlangoni, kashika pua, akatangaza kwamba akidi haikutimia, hivyo kura haipigwi na hoja imeanguka hadi mwakani. Tulipiga vigelegele mpaka barabarani! Nilimbusu Bibi Harusi mbele za watu, machozi yananitoka, wala sikujali. Hakuna wa kunitenganisha naye.

Ijumaa, 6 Juni
Fundi Saa anadai aliyeshinda ni panya, si mimi. Kijicho tu hicho. Ni hotuba yangu! Iliwagusa watu mpaka wakashindwa kukaa. Mke wangu hasemi na mimi, ila nimemwona akicheka peke yake.

Sifa zimesambaa. Wafugaji wa halmashauri jirani nao wana kura yao kesho, wameniomba nikawatetee. Nimekubali kabla hawajamaliza kuuliza. Safari hii naenda na kenge, tena dume kubwa. Hivi ninavyoandika yuko jikoni, anamalizia trei ya mayai.